Historia ya Marehemu Telesphor Kasanda, Bwana Afya wa Mabanzi

Ndugu mliokuja kutushika mkono, familia inawasomea safari ya mpendwa wetu Telesphor, aliyezaliwa tarehe 4 Machi 1927 kijijini Mamba, mtoto wa tatu wa Mzee Gaspar, mkulima wa mpunga, akasoma shule ya misheni hadi darasa la sita, ambako, tusimfiche, alichapwa zaidi kwa ubishi kuliko kwa hesabu.

Mwaka 1951 aliajiriwa idara ya afya hapa Mpanda, na tarehe 12 Septemba 1953 alifunga ndoa na Romana, binti wa Mama Katarina, wakajaliwa watoto sita, na kwa heshima ya ukwe hakuwahi kula mbele ya mama mkwe wake, akimwona njiani alichepuka hata penye tope.

Machi 1978 kipindupindu kiliingia Mabanzi, mtaa wetu wa nyuma ya stesheni, nyumba zimebanana na kisima ni kimoja, marehemu akaagiza maji yachemshwe, na aliyefariki azikwe siku ileile na watu wa afya, bila kuoshwa nyumbani wala kuwekewa matanga, watu tukakasirika, tukaficha wagonjwa ndani na kuosha maiti kwa siri, na wengi walioosha wakafuata.

Tarehe 2 Aprili ugonjwa huo ukamchukua Mama Katarina, mtaa mzima ukajaa uani kuona kama sheria ni ya wengine tu, Romana akamsihi mumewe amruhusu kumwosha mama yake, naye marehemu akalia mbele za watu, akakataa, akampulizia mkwe wake dawa na kumzika kabla jua halijazama. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyeficha mgonjwa, na kufikia Juni ugonjwa ulikwisha, ila nyumbani Romana alimpakulia ugali bila neno kwa miezi mitatu, naye akala, akashukuru, akaosha sahani mwenyewe.

Alianza kuugua moyo Februari 1979, akafariki hospitalini juzi, tarehe 19 Agosti, akiacha mjane, watoto sita na wajukuu tisa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake, majirani wa Mabanzi mliokesha nasi, na shemeji yetu Romana, aliyewaomba wazee wamwachie yeye kumwosha mumewe, akaifanya kazi hiyo alfajiri ya leo, peke yake, taratibu, akianzia usoni, na hakutaka kuharakishwa.

Lala salama, Bwana Afya wetu, upumzike kwa amani.