Mama Telma na Bia za Ng'ambo ya Ruvuma

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka Lucinda Jaime, Mama Telma, aliyekuwa na grosari ya kuuza bia pale Chuno. Tulimzika Jumamosi, kijijini Kitaya.

Kitaya ndiko alikozaliwa. Wazazi wake walitoka Msumbiji, wakalima mpunga upande huu wa mto Ruvuma. Alikuwa na mdogo wake mmoja, Silvio. Silvio alikuwa mnywaji wa kiasi. Chupa tatu, basi, anaaga.

Mwaka juzi Silvio alivuka Ruvuma kwenda harusini kwa binamu yao. Akanywa tatu zake, kama kawaida. Chupa zilikuwa za ukubwa uleule. Lakini bia ile ilikuwa na kilevi asilimia nane. Aliyoizoea huku ilikuwa na nne na nusu. Wakati wa kurudi alisimama ndani ya mtumbwi, akaanguka majini. Walimpata kesho yake, amekufa.

"Mama hakulia," anasema Telma, binti yake. "Tulipotoka kuzika alifungua grosari. Akakaa kaunta, anageuzageuza chupa, anasoma maandishi."

Tangu hapo Mama Telma hakumfungulia mtu bia kabla ya kumsomea kilevi chake. Aliuza za huku na za ng'ambo. Alikuwa akisema, "Hii si kama ile yako. Hii moja ni karibu mbili." Wateja walicheka. Wengine walihama. Siku moja dereva mmoja, Elisha, alikunywa za ng'ambo, akadai nyingine. Gari lake lilikuwa nje.

"Mama Telma, mimi mtu mzima. Fungua!"

"Sifungui. Niachie ufunguo wa gari, halafu tukana unavyotaka."

Elisha alitukana kweli. Lakini ufunguo aliuacha. Jumamosi alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza.

Mama Telma aliondoka kwa shinikizo la damu. Wiki yake ya mwisho alimwambia Telma jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Siku ile ya harusi, Silvio alitaka kulala hukohuko. Mama mwenyewe ndiye aliyempigia simu.

"Nilimwambia arudi leoleo, kesho kuna mzigo wa kupakua hapa grosari." Akasema hivyo, kisha akaomba maji ya kunywa.

Tunampa pole Telma, na ndugu wote wa Kitaya na wa ng'ambo ya mto. Nasi tuliobaki tutafakari. Bia hazifanani, hata chupa zikifanana. Tusome kabla ya kufungua. Na ndugu akisema leo analala huko aliko, tumwache alale.