Risala ya Mafundi Umeme wa Kiwanda cha Magome, Njombe, Juu ya Koili Iliyoungua

Mgeni rasmi, Bwana Mkaguzi wa Mitambo, Bwana Meneja, Bwana Msimamizi, wafanyakazi wenzetu: kamwene, hamjambo.

KUKARIBISHA
Sisi mafundi kumi na mmoja wa karakana ya umeme tunakukaribisha. Pole kwa baridi na kwa utelezi wa njia ya Makambako.

TULIKOTOKA
Mwaka 1951 tulikuwa na meza moja na koleo mbili. Leo tunasuka wenyewe koili, yaani mizingo ya waya iliyomo ndani ya mota. Aliyetufundisha ni mwenzetu Hezekia, ambaye alijifunza kwa masomo ya posta.

TULICHOUNDA
Mwaka huu tumeunda daraja la kupimia. Lina mikono minne ya waya: mmoja una koili nzima, wa pili koili inayopimwa, miwili ni ya kusawazisha. Tunapitisha umeme unaokwenda na kurudi, wenye mlio, na kugeuza vifundo viwili kwa zamu mpaka mlio unyamaze masikioni. Hapo pande zimelingana, tunasoma kipimo.

TATIZO
Mwezi wa Mei zilifika koili mbili katika sanduku moja. Hezekia aliijaribu moja, ikachemka upesi, akamweleza Bwana Msimamizi. Yeye akaipima kwa betri, akasema, "Betri inasema nzima. Funga, washa." Hezekia akatii. Mota ya kinu ikaungua, naye akasimamishwa kazi kwa uzembe.

Tunasema haya Bwana Msimamizi akiwa ameketi hapa, maana hatusengenyi. Nyaya chache zikigusana ndani ya koili, betri haioni tofauti. Umeme unaokwenda na kurudi huiona. Koili ya pili ya sanduku lile haijafungwa popote. Betri inaiita nzima. Daraja linaonyesha kipimo chake hakifiki nusu ya kile cha koili nzima.

Tumepima kwa makini, mara saba si moja tu,
Kosa limo koilini, si mikononi mwa mtu,
Hezekia yu nyumbani, tunamtaka mwenzetu.

OMBI
Hatuombi huruma. Daraja liko mezani, na koili ya pili iko pembeni yake. Kabla ya chai, vaa visikilizio, ugeuze vifundo kwa mkono wako mwenyewe. Tukiwa tumesema kweli, Hezekia arudi kazini kesho asubuhi, na barua ya uzembe ichanwe. Tukiwa tumekosea, tufukuze sote kumi na mmoja.

Mungu akupe masikio matulivu leo, na safari njema kesho.

Ni sisi,
Mafundi wa Karakana ya Umeme.
Imesomwa na Yonathani, Njombe, Julai 1957.