Fundi, Wifi Yake na Kidonge cha Lehemu

Haya ni kweli tupu, na anayebisha akamuulize dereva wa treni. Nilikuwa behewani nimefumba macho, najifanya nimelala ili nisikie vizuri.

Mbele yangu bibi mmoja, fundi cherehani, mashine yake miguuni, alishika kidonge cha kupunguza lehemu, yale mafuta ya kwenye damu. Wifi yake akamnyang'anya chupa ya maji. "Vidonge hivyo vinakula kumbukumbu. Jana umesahau ufunguo mlangoni."

"Ufunguo nasahau tangu sijaolewa na kaka yako. Nikipata wasiwasi nitamuuliza daktari, si wewe. Na hii cherehani ya umeme nimejifunza mwezi huu huu."

"Basi nitajie mteja wako wa zamani, nami sisemi tena."

"Huyo anayejifanya kalala. Nilimshonea suruali ya kijivu, miaka tisa sasa. Kiuno inchi arobaini, akanisihi niandike thelathini na sita."

Behewa zima likaangua kicheko. Wifi akarudisha chupa, kidonge kikashuka. Nikafumbua jicho moja, nikaapa ilikuwa thelathini na sita.

"Simama tupime, baba," akasema fundi, utepe mkononi.

Kuliko kupimwa hadharani, nikajitolea kumbebea cherehani. Treni iliposimama nilishuka nayo begani, nikihema, na yeye nyuma yangu akiwatajia abiria urefu wa miguu yangu.