Otto na Ukuta

Basi lilikuwa likiwapeleka watu kwenye mashindano ya mbwa mjini Duluth, na Lorna, aliyekuwa na mbwa wake Otto, alikuwa amechanganyikiwa.

"Nyumbani Otto anarudi kinyumenyume kando yangu, amenyooka kama rula. Uwanjani anapinda! Leo akipinda tena, tumekwisha."

"Ulimfundishia wapi, mama?" aliuliza mzee asiyemjua, aliyeketi kiti cha jirani.

"Kwenye korido, kati yangu na ukuta."

"Basi kilichonyooka ni ukuta, si mbwa."

"Acha utani, mzee! Otto anajua." Basi liliposimama, Lorna alimwamuru, "Nyuma!" Otto akarudi kinyumenyume kwenye njia nyembamba katikati ya viti, amenyooka kabisa. "Umeona?"

"Nimeona," akajibu mzee, akivitazama viti pande zote mbili.

Lorna naye akavitazama. Mlango ukafunguka, na nje uwanja ulikuwa mpana, hauna hata ukuta mmoja.