Komunike za Picha za Madame Akouvi

Wasikilizaji wapendwa wa Butembo, wa Beni, na ninyi mlio barabarani kuelekea Kirumba, karibuni. Mimi ni Élisée. Leo tunamkumbuka Madame Akouvi, mwalimu wa kemia, aliyetuacha Jumatatu. Alitoka Togo. Alikuja Butembo kufundisha miaka miwili, akakaa kumi na minne.

Madame alikuwa na kamera. Likizo ikifika alipanda piki: Mutwanga, Kyavinyonge, Kirumba. Alipiga watu picha wakiwa kazini, lakini kwanza aliomba ruhusa, na aliahidi kitu kimoja: picha itarudi kwa mwenyewe. Wageni wengi huahidi hivyo. Tunawajua. Wanapiga, wanapanda ndege, na ndiyo basi. Madame alirudisha.

Shida ilikuwa kumpata mwenye picha. Anwani hakuna, simu imezimwa. Ndipo alipokuja hapa studio na komunike, tangazo la kusomwa redioni. Ya kwanza niliisoma mimi mwenyewe, jioni, mara tu baada ya matangazo ya vifo: "Familia ya Issaka, mbeba samaki wa Kyavinyonge, mnaombwa kufika Butembo..."

Asma, mke wa Issaka, hakungoja mwisho. Mume wake alikuwa safarini na tilapia. Alisikia jina, akaangusha sufuria, akaanza kulia. Majirani wakaja, mikeka ikatandikwa. Asubuhi Issaka akafika na piki yake, mzima, njaa inamuuma. Akakaa na waombolezaji kwa heshima, akauliza nani amekufa.

Siku ya pili Asma alipanda gari hadi hapa kutugombeza sisi wawili. Alisimama mlangoni na hakukubali kiti. "Mwalimu, huku kwetu redio ikiita jina ya mutu saa ile, ni lufu. Uanze na kusema: hakuna mutu alikufa."

Madame aliomba msamaha, akampa picha. Issaka juu ya piki, kifua mbele, utadhani ni gavana. Asma alicheka mpaka akakaa kwenye kile kiti.

Tangu siku hiyo komunike zote za Madame zilianza na maneno ya Asma: Hakuna mutu alikufa. Nimezisoma zaidi ya mia mbili. Mlizizoea. Watoto walizisema njiani wakitoka shuleni, na mimi waliniita kwa maneno hayo sokoni.

Baadaye Issaka alifariki kweli, kwa malaria. Kisha vita ikamkimbiza Asma hadi Beni, na nyumba yake ikaungua. Jana nilimpigia simu. Aliniambia: "Nilitoka na batoto na ile foto, basi. Bila Madame, mutoto wangu wa mwisho hangejua baba yake alikuwa namna gani."

Nilizungumza pia na Abla, mdogo wake Madame, huko Lomé. Mama yao alikuwa akimsihi arudi nyumbani. Kila mwaka Madame alijibu vilevile, kwamba kuna picha hajarudisha bado, azimalize kwanza. Abla hakulalamika. Alisema sasa ameelewa dada yake alikuwa na ndugu wangapi.

Abla, na familia yote, poleni sana. Walimu wenzake na wanafunzi wake, poleni. Sisi wa huku tunasema aksanti. Mlituazima dada yenu, tukakaa naye muda mrefu kuliko tulivyopatana. Nasi, wasikilizaji wapendwa, kila mmoja ajiulize leo: ni kitu gani cha mwenzangu nilichukua kwa ahadi, na bado kiko kwangu?

Juu ya meza ya Madame tulikuta bahasha moja tu. Ndani mna picha, na komunike aliyoiandika kwa mkono wake, ikingoja kusomwa. Inaanza kama zote. Mstari wa kwanza, mnisamehe, umenishinda. Nasoma wa pili.

"Jokébed, muuza viazi wa Kirumba, picha yako imefika."