Violon Yenye Papa Adrien Alisahau Kuwekea Herufi

…njo vile nilikuwa nawaelezea ku cuisine, mbele muniombe niandike hii maneno ya kumuaga. Papa Adrien wa radio, ile mashini inaonaka mifupa, anaenda pension leo, trente juin, nyuma ya miaka makumi tatu na mbili ya kazi. Miye Joséphine wa kufagia hôpital, mulango yake naijua.

Mutu wa kuchekesha. Mbele apige picha ya mugonjwa, anawekaka pembeni ka herufi ka plomb, ile chuma nzito, D, juu daktari ajue droite, upande wa kuume, iko wapi, asipasue muguu yenye haigonjwe. Hata ulie namna gani, herufi kwanza. Siye tukamubatiza Papa D, naye anaitikaka.

Zamani Padri mumoja alimuletea violon ya chorale, ile fidla ya nyuzi, ya wazee wa kale, juu ajue waliijenga namna gani ndani bila kuipasula. Papa D akailalisha ku meza kama mugonjwa, akaipiga picha. Tulikuja wote kuchungulia: ubao moja mwembamba chini ya mufuniko, na alama ndogo ya kijiti yenye inasimamaka ndani.

Nyuma vita ikatukimbiza. Kurudia, violon hakuna. Picha tu ilibakia mu kabati yake, katikati ya mikono ya kuvunjika.

Sasa, mu hii amani yetu ya kulala na viatu, Papa D akapelekea fundi Kamate ile picha, atengeneze ingine, ilie leo ku sherehe. Kamate akaifuata yote. Violon ikalia kama mbuzi iko na homa. Mama Véronique, mwenye alipigaka ile ya zamani, akachungulia mu tundu: “Papa, kijiti ilikuwaka droite. Hii mumeweka gauche, kushoto.”

Walisomaka picha kwa mugongo. Herufi haikuwa. Ile siku Papa alisemaka violon haiko mugonjwa.

Jana Kamate ameifungua, amegeuza kijiti na ubao, na kole ya kubandika haijakauka. Convoi, magari yenye askari wanasindikizaka, ya kwenda kwao Papa D ku Mahagi inatoka leo. Ingine, nani anajua. Asubui nilimukuta ameweka D yake juu ya violon, upande ya droite. Ameiacha pale.

Papa D, aksanti juu ya mifupa yetu yote. Ukule samaki ya ziwa ya kwenu, ulale bila viatu. Siku violon italia muzuri, tutakuitia ku téléphone, Véronique atapiga, weye uta…

Mungoje, Ketsia wa réception ananiita. Camion ya convoi iko ku mulango, na Papa anakataa kupanda. Amerudia kugusa kole, aone kama imekauka.