Maji Laini ya Afande Apollo

Bwera, pale barabara ya kwenda mpakani Mpondwe inapopinda baada ya maduka ya simenti, kuna benchi la mbao lenye miguu mitatu na tofali moja. Benchi ni la Afande Apollo, sajini mstaafu, na limeegemea ukuta wa nyumba yake. Jiko la mkaa lililo mbele yake ni la Kavira, mama aliyetoka upande wa Butembo miaka minne iliyopita na mabinti wawili na birika moja. Upande wa kivuli hukaa Fidèle, muuza vitenge, ambaye wenzake humwita Dokta kwa sababu aliwahi kupiga deki katika zahanati moja huko Beni. Upande wa jua hukaa Kule wa bodaboda, aitwaye Meya, cheo alichojipa mwenyewe baada ya kushindwa udiwani mara mbili. Kila asubuhi hawa watatu hunywa kahawa na kubishana, na Kavira huwasikiliza huku akipepea makaa. Juma hilo walibishana juu ya maji, na ubishi huo nusura umng'oe Kavira pale kijiweni.

Mambo yalianza na habari njema. Lakot, mke wa Afande, aliyekuwa Gulu tangu Afande astaafu akimuuguza mama yake hadi alipofariki, alipiga simu kusema anakuja. Hakuwahi kuiona nyumba ya Bwera. Alikuwa ameishi kambini maisha yake yote ya ndoa, chumba kimoja na pazia katikati. Afande alitaka afike akute kitu ambacho hata nyumba za makanali hazina. Akaenda Kasese, na huko akakutana na muuzaji aliyemfunulia birika la umeme lililoganda ukoko mweupe wa chokaa, kisha akamuuliza kwa upole kama anataka tumbo la mke wake lifanane na lile. Afande alirudi na mtambo wa kuchuja na kulainisha maji ya nyumba nzima: mapipa matatu ya buluu, marefu kumfika kifuani.

Fundi Byaruhanga alikuja kuufunga, na Kavira alikuwa karibu akiosha vikombe, kwa hiyo alisikia maelezo yote. Pipa la kwanza linazuia mchanga na tope, na ndani yake mna kitu kama mshumaa wa nyuzi nyeupe; ukichafuka unatupwa, unawekwa mwingine. Pipa la pili lina mkaa wa kuondoa harufu. La tatu lina punje za njano zinazonasa chokaa ya maji magumu, na kila baada ya siku tatu punje hizo huoshwa kwa chumvi safi, kisha maji ya chumvi hutoka nje kwa bomba jembamba na kwenda mtaroni. Byaruhanga aliomba wajenge jukwaa la simenti uani, penye kivuli.

Afande alikataa. Uani kuna wezi. Chumba chenye kufuli kilikuwa kimoja tu, chumba cha kulala, na sakafu yake ilikuwa imeinama. Basi akaagiza mapipa yapandishwe juu ya kitanda chake cha chuma cha kambini, ambacho alisema kimebeba wanaume wazito kuliko maji. Yeye mwenyewe akatandika mkeka sebuleni. Fundi alipoondoka, Afande aliona lile bomba jembamba la kutoa maji nje, akalikata na kuliziba kwa gunzi la mahindi, kwa kuwa kwake maji hayamwagwi. Badala ya chumvi safi alitia gunia zima la chumvi ya mawe ya Katwe, ile wanayolambishwa ng'ombe, akiamini bonge kubwa lina nguvu zaidi. Mvua ya kwanza iliponyesha mlimani na mshumaa ukageuka rangi ya chai, hakuutupa. Aliufua kwa sabuni ya unga na kuurudisha.

Kavira alikuwa akichota maji ya kahawa kwenye bomba la Afande, bure, tangu siku ya kwanza. Jumatatu alimimina vikombe vitatu kama kawaida, na juu ya kila kikombe pakasimama povu.

Kule aliliangalia muda mrefu, kisha akatoa kauli.

— Povu hii, kwa hoteli za Kasese, watu wanapanga laini kuipata.

Akanywa. Uso wake ukakazana, lakini alikuwa ameshasema, na Meya harudi nyuma. Fidèle alionja, akatema kidogo pembeni kwa adabu, akauliza kwa nini kahawa ina chumvi. Afande akamjibu kwamba ulimi wake umezoea maji ya kiraia.

— Maji yangu inapita kizuizi mara tatu. Kila tone inasimama, inaonyesha kitambulisho. Wewe unakunywa maji imekaguliwa, halafu unalalamika.

Kesho yake Fidèle alikuja na karatasi ya maelezo ya mtambo, aliyoazima kwa Afande kwa kuwa upande mmoja ulikuwa wa Kifaransa. Akaisoma kwa sauti ya zahanati, akawaambia imeandikwa wazi kwamba kila siku tatu mtambo unazaliwa upya. Kitu kinachozaliwa lazima kitoke jasho, na jasho lina chumvi. Hapo hapakuwa na ugonjwa wowote. Alichoogopa yeye ni ule ulaini. Maji yakilainishwa, hayachagui pa kuishia. Leo yanalainisha birika, kesho yanalainisha mifupa.

— Mutu akikunywa hii miaka mbili, atakuwa anakunjika. Tutamubeba kama kitenge, kwa mukono.

Kule hakutishika na mifupa. Yeye aliuliza mawe yanakwenda wapi. Kama mtambo unatoa chokaa kwenye maji kila siku, na hakuna anayeiona ikitoka, basi iko ndani, inakua. Alipiga hesabu kwa vidole: kufikia Krismasi Afande atakuwa na kilima chumbani, na kilima chenye madini ni mali ya serikali. Wataleta uzio. Mbaya zaidi, maji laini yakishuka mpaka mto Lhubiriha yatavuka kwenda Kongo bila karatasi, na siku watu wa ushuru wakigundua wataweka ofisa na kiti hapo kwenye mtaro wa Afande.

— Ndiyo maana niliziba, alisema Afande.

Kwa mara ya kwanza gunzi lile lilionekana kuwa na busara.

Kavira hakucheka. Benchi lilikuwa na watu watatu, na watatu hao hawakumlisha. Waliomlisha walikuwa akina mama waliopita alfajiri na nyanya na vitunguu kichwani kwenda sokoni mpakani, wakisimama kidogo kunywa kikombe na andazi. Jumatatu walikunywa wakatazamana. Jumanne walisimama wawili. Jumatano walipita wote, na mmoja, mama wa Nyakiyumbu aliyekuwa mteja wake tangu zamani, alimsalimia akiwa ametazama upande wa pili. Mandazi arobaini yalibaki kwenye beseni. Usiku huo mabinti wake, Aimée na Sophie, walikula mandazi na asubuhi wakala mandazi tena.

Angeweza kumwambia Afande. Alijiandaa mara mbili, na mara zote mbili akarudi kupepea makaa. Alikumbuka siku alipofika, wenye maduka walipomfukuza na jiko lake kutoka kona moja hadi nyingine. Afande alitoka nje na fulana, akasogeza benchi lake mwenyewe, akawaambia wale watu kwamba huyu mama yuko chini yake na anayetaka kesi aje kwake. Tangu hapo hakuna aliyemgusa. Utamwambiaje mtu wa namna hiyo, siku chache kabla mke wake hajafika, kwamba kitu alichomnunulia kinatoa maji ya mnada wa ng'ombe?

Alhamisi Kavira aliamka mapema, akashuka na madumu mawili hadi kwenye bomba la kanisa, lile linaloleta maji moja kwa moja kutoka mlimani, na kupandisha maji hadi kijiweni. Aliweka mabirika mawili juu ya jiko. La kushoto lilikuwa la maji ya kanisa, kwa ajili ya akina mama wa soko. La kulia lilikuwa la maji ya mtambo, kwa ajili ya benchi. Akina mama walionja kwa wasiwasi, kisha wakanunua mandazi yote.

Ijumaa mkono wake ulikosea birika. Afande alikuwa akieleza jinsi mtambo unavyofanana na doria, na Kavira, akimsikiliza, akammiminia kutoka birika la kushoto. Afande alikunywa. Akaikatiza sentensi yake, akanywa tena, akakishusha kikombe polepole kwenye goti lake.

— Munaona, alisema. Imekubali.

Aliwaeleza kwamba mashine mpya ni kama askari mpya, siku za kwanza hana faida, halafu anaiva. Fidèle na Kule wakadai vikombe vya kuiva, na Kavira hakuwa na jinsi, akawapa kutoka kushoto. Dokta alitangaza kwamba anahisi mifupa yake iko imara. Meya alisema sasa ni wakati wa kuita watu. Ikafika saa nne, na Afande alikuwa ameshawaalika wenye maduka, mwalimu Kansiime na wanakwaya wawili waje Jumamosi waonje maji laini, siku ambayo Lakot anafika. Kavira aliangalia madumu yake na kuhesabu ni safari ngapi za mlima hizo. Alikwenda safari sita.

Lakot alishuka kwenye gari la Kasese Jumamosi kabla ya wageni, mama mrefu, mkoba begani, kitambaa cha msiba bado kichwani. Afande alisimama wima, mikono ubavuni, akasahau kumpokea mkoba. Kule ndiye aliyempisha kwenye benchi. Kavira akammiminia kutoka birika la kushoto.

Lakot alikunywa nusu kikombe bila kukishusha. Mtu aliyetoka safari ya usiku kucha ndivyo anavyokunywa. Kisha akauliza, bila nia yoyote mbaya:

— Kahawa yako tamu, mama. Hii maji munatoa wapi?

Afande alikuwa amelingoja swali hilo juma zima. Alianza na kile kizuizi cha kwanza, akafika cha pili, na Dokta akamsaidia kidogo kwa Kifaransa. Lakini Lakot hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akimtazama Kavira, aliyekuwa ameinama kama mtu anayetafuta sindano kwenye majivu.

— Ni ya bomba ya kanisa, mama, alisema Kavira. Ile ya mutambo iko na chumvi. Iko na sabuni pia. Niliogopa kusema kwa Afande, sababu yeye njo alinipatia fasi hii ya kuweka jiko. Unisamehe, Afande.

Afande aliinama, akachukua birika la kulia, akajimiminia kikombe hadi juu, akakinywa chote kwa mkupuo mmoja kama mtu anayekunywa dawa mbele ya daktari. Akafuta povu mdomoni.

— Iko na chumvi, alisema.

Lakot akamuuliza kama maji ya bomba, kabla ya mtambo, yalikuwa na ubaya gani. Afande akamtazama Fidèle. Fidèle akamtazama Kule. Kule akaangalia barabarani, labda kuna abiria. Juma zima walikuwa wameyatetea na kuyashtaki maji yale, na hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kuona ukoko wowote kwenye birika la Bwera. Maji yote ya mtaa yalishuka kutoka mlimani, na yalikuwa laini tangu enzi na enzi.

Lakot aliomba aonyeshwe nyumba. Wakaingia wote, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kubaki nje. Sebuleni palikuwa na mkeka, kiti kimoja na redio. Afande akafungua kufuli. Chumbani, juu ya kitanda cha chuma, mapipa matatu ya buluu yalikuwa yamesimama bega kwa bega, na shuka safi ilikuwa imetandikwa kwa uangalifu kuyazunguka chini.

— Nilitaka ukifika ukute kitu, alisema Afande. Sauti yake haikuwa ya kambini.

— Nimekuta, alisema Lakot. Alimshika mkono, akaushikilia kidogo, kisha akauliza: Sasa mimi nitalala wapi?

Dokta alikuwa na jibu la kila jambo, na Meya alikuwa na mawili. Sasa walisimama mlangoni wakiyatazama mapipa. Afande alivua shati, akalikunja, akaliweka dirishani, na kukumbatia pipa la kwanza. Kule akashika chini. Fidèle akauliza waanze na lipi, akaambiwa ashike tu.

Kavira akawaachia mlango na kurudi nje, maana nyuma yake wale wageni walioalikwa walikuwa wameanza kufika na walitaka kahawa. Alilichukua birika la kulia kwanza, akalibeba hadi mtaroni, akalimimina lote, polepole, mchana kweupe, mbele ya watu.